UZI: Vic Thorp, beki wa mwisho wa Richmond 1910–1925. Tumpime vipi mchezaji ambaye kazi yake haikuhesabiwa?

Nguzo Nne:
Wakuu, salaam.

Rekodi ya Victor Thorp ina namba mbili tu: mechi 263, magoli 7. Mtu aliyezoea takwimu za leo akiziona atasema huyu ni mchezaji wa kawaida aliyebahatika kudumu. Mimi nasema Thorp ndiye beki wa mwisho aliyekuwa bora kuliko wote wa zama zake katika ligi ya kandanda ya Kiaustralia ya jimbo la Victoria, na ushahidi upo. Tatizo ni kwamba watu wanautafuta mahali ambapo haukuwekwa.

Kwa wasioujua mchezo wenyewe, haya ndiyo ya lazima. Kandanda ya Kiaustralia inachezwa kwenye uwanja wa duaradufu, watu 18 kila upande (kabla ya 1899 walikuwa 20). Kila mwisho wa uwanja kuna nguzo nne: mbili ndefu katikati na mbili fupi pembeni, na kutoka nguzo hadi nguzo ni yadi 7, kama mita 6.4. Mpira uliopigwa kwa mguu ukapita katikati ya zile ndefu ni goli, pointi 6. Ukipita kati ya ndefu na fupi ni pointi 1. Ndiyo maana matokeo huandikwa 7.10 (52): magoli 7, pointi za pembeni 10, jumla 52. Hakuna mwamba wa juu, hakuna kipa, na hakuna kuotea. Mkishika haya matatu ya mwisho, habari yote ya Thorp itaeleweka.

Alizaliwa 1890, akaichezea klabu moja tu, Richmond ya Melbourne. Richmond iliingia ligi kuu mwaka 1908 pamoja na klabu ya University. Ligi yenyewe ilikuwa imeanza 1897 na klabu nane. University ilijitoa baada ya msimu wa 1914, Richmond ikabaki ikihangaika. Mwaka 1917 ilishika mkia. 1919 ikafika fainali kuu kwa mara ya kwanza na kufungwa na Collingwood, 11.12 (78) kwa 7.11 (53). Kisha 1920 na 1921 ikatwaa ubingwa mfululizo. Thorp alikuwepo kwenye mkia na alikuwepo kwenye kilele, mahali pale pale mbele ya nguzo.

Karibuni tuchambue.

Mgeni Jukwaani:
Asante kwa uzi mkuu. Swali la mtu asiyejua: kama hakuna kipa, huyu beki wa mwisho anafanya kazi gani hasa? Anasimama golini au anamkaba mtu?

Nguzo Nne:
Anamkaba mtu, ndugu yangu, na mtu mwenyewe ndiye mfungaji mkuu wa wapinzani. Wachezaji wanapangwa mistari mitano ya watu watatu watatu, halafu watatu wanaoufuata mpira popote uendapo. Jumla 18. Beki wa mwisho yupo katikati ya mstari wa nyuma kabisa, ana wenzake wawili kwenye pembe. Kwa kuwa hakuna kuotea, fowadi anaweza kusimama mita tano kutoka golini mchana kutwa akingoja. Hakuna mstari wa mabeki wa kupanda nao juu ili kumtega. Ukimwacha hatua tatu, anaudaka mpira, na akiudaka safi mchezo unasimama, anapewa nafasi ya kupiga bila kuguswa.

Hapo ndipo uamuzi mgumu ulipo. Ukisimama nyuma yake, atakimbilia mpira na kuudaka mbele yako, na ukimsukuma mgongoni ni kosa, anapewa pigo huru golini. Ukisimama mbele yake, unaufikia mpira kwanza, lakini ukipigwa juu ya kichwa chako yeye yuko peke yake na goli liko wazi. Mabeki wengi wa wakati ule walichagua nyuma, wakawa wanaupiga mpira ngumi ili mtu asiudake. Thorp alisifika kwa kuucheza mpira wenyewe. Alitaka kuudaka yeye, si kuuharibu tu. Hilo linahitaji kusoma mpira ungali hewani mbali, kwa sababu ukikosea kidogo hakuna mtu nyuma yako.

Chachandu:
Mkuu Nguzo Nne, nina shaka na hoja nzima. Fainali ya 1921, Richmond dhidi ya Carlton, iliisha 5.6 (36) kwa 4.8 (32). Timu inafunga magoli manne tu mechi nzima! Zama ambazo kufunga kulikuwa kugumu namna hiyo, kila beki angeonekana hodari. Leo timu inafunga magoli 12 au 15 kwa mechi. Mweke Thorp hapo tuone.

Nguzo Nne:
Hoja nzuri na inastahili jibu refu.

Magoli yalikuwa machache, kweli, ila tazama kwa nini. Mpira ulikuwa wa ngozi na kamba, ukilowa unanywa maji, unakuwa mzito na unateleza. Viwanja vya Melbourne majira ya baridi vinalowa, na katikati panageuka tope. Fainali ya 1921 ilichezwa kwenye mvua. Katika hali hiyo pigo la umbali wa mita 45 linakuwa la mita 30, na kudaka juu ya vichwa kunakuwa bahati nasibu. Yote hayo yanampunguzia fowadi mabao.

Lakini yanampa beki matatizo mengine. Mpira usiodakwa unaanguka miguuni mbele ya goli, na hapo kila mtu ni mfungaji, maana teke lolote likipita kati ya nguzo ni pointi 6. Kwenye siku kavu unamkaba mtu mmoja. Kwenye tope unakaba kila anayeokota. Na timu zikiachana kwa pointi 4 tu, kama siku ile, kosa moja la beki ndilo matokeo ya mechi. Leo timu inayofungwa magoli 12 inaweza kushinda kwa 15. Mwaka 1921 Richmond ilishinda kwa sababu Carlton waliishia magoli manne, na lingepatikana la tano kombe lingekwenda kwao.

Halafu kuna jambo la wachezaji wa akiba. Hawakuwepo. Mchezaji wa 19 aliruhusiwa kuanzia 1930 tu. Wakati wa Thorp ukiumia goti dakika ya kumi, ama unaendelea kuchechemea au timu inabaki 17. Robo nne za dakika 25 kila moja, watu wale wale. Beki wa mwisho aliyechoka hakuwa na pa kwenda kupumzika, maana fowadi wake naye yuko pale pale.

Mzee wa Takwimu:
Niongezee hapo kwenye kudumu, maana hizo 263 watu wanazipita haraka.

Nimehesabu mechi za mzunguko wa kawaida ambazo Richmond ilicheza katika misimu yote 16 ya Thorp. Kuanzia 1910 hadi 1914 ni mechi 18 kila mwaka, hizo 90. Mwaka 1915 zilibaki klabu tisa, mechi 16. Mwaka 1916, kwa sababu ya vita, zilicheza klabu nne tu (Carlton, Collingwood, Fitzroy na Richmond), mechi 12. 1917 klabu sita, mechi 15. 1918 klabu nane, mechi 14. 1919 mechi 16. Kuanzia 1920 hadi 1924 ni 16 kila mwaka, yaani 80. Na 1925, ligi ilipopanuliwa kwa kuongeza Footscray, Hawthorn na North Melbourne, mechi 17.

Jumlisheni: 90 + 16 + 12 + 15 + 14 + 16 + 80 + 17 = 260.

Thorp alicheza 263 pamoja na za fainali. Hata ukiongeza fainali zote ambazo Richmond iliingia, nafasi alizozikosa kwa miaka 16 zinahesabika kwa vidole. Katika mchezo wa kugongana, bila akiba, bila madawa ya kisasa ya kutibu vidonda. Hilo peke yake halithibitishi kwamba alikuwa bora, ila linathibitisha kwamba kwa miaka 16 hakuna aliyempokonya nafasi.

Mgeni Jukwaani:
Shikamoo Mzee wa Takwimu. Hesabu imenyooka. Na wafungaji aliokuwa akiwakaba ni akina nani? Maana beki hupimwa kwa anayemkaba.

Mzee wa Takwimu:
Marahaba. Wa kwanza kabisa ni Walter Lee, aliyejulikana kama Dick Lee, wa Collingwood. Alicheza 1906 hadi 1922, mechi 230, magoli 707. Gawanya: zaidi ya goli 3 kwa mechi, katika enzi hizo hizo ambazo Chachandu anasema magoli yalikuwa adimu. Kwa hiyo kufunga hakukuwa kugumu kwa kila mtu.

Lee alikuwa hatari kwa sababu mbili. Aliruka sana, na alikuwa fundi wa kupiga mpira uliowekwa chini. Nieleze hilo kwa vijana: baada ya kudaka, mchezaji aliruhusiwa kuchimba kishimo kidogo kwa kisigino, akausimamisha mpira ardhini, akarudi nyuma hatua zake na kuupiga. Inachukua muda ila mpira unatulia. Maana yake ni kwamba beki wa Lee hakuwa na nafasi ya pili. Akishadaka ndani ya mita 40, hesabu pointi 6. Kazi yote ilibidi ifanyike kabla hajadaka.

Wengine ni Jimmy Freake wa Fitzroy, na mwishoni Jack Moriarty wa Fitzroy, aliyeweka rekodi ya ligi ya magoli 82 mwaka 1924. Gordon Coventry wa Collingwood, aliyekuja kumaliza na magoli 1,299, alianza 1920. Basi miaka ya Thorp inaunganisha kizazi cha Lee na kizazi cha Coventry.

Kitabu Wazi:
Wakuu naomba kuchangia upande wa mpira wa kuanzisha, maana hapo ndipo beki wa mwisho alipogeuka kuwa mshambuliaji wa kwanza na hakuna anayepaandika.

Kila wapinzani wakipata ile pointi 1 ya pembeni, refa wa goli anapunga bendera moja, na mchezo unaanzishwa kwa teke la beki kutoka mbele ya goli lake. (Wakifunga goli kamili, bendera mbili, mpira unarudi katikati.) Kwa desturi anayepiga ni beki wa mwisho. Sasa angalieni raha yake: idadi ya mapigo hayo imeandikwa ndani ya matokeo yenyewe. Collingwood walipata 5.5 kwenye fainali kuu ya 1920, kwa hiyo upande wa Richmond ulianzisha mara 5. Carlton walipata 4.8 mwaka 1921, mara 8. Fainali mbili za ubingwa, mara 13. Na ile waliyopoteza 1919, mara 12 kwenye mechi moja tu.

Sasa pigo lenyewe. Teke la fahari la wakati ule lilikuwa la kuudondosha mpira na kuupiga pale pale unapogusa ardhi. Unaushika wima, ncha ya juu ikielekea kwako kidogo. Unauachia kutoka chini, karibu na goti, si kifuani. Mguu unaukuta mara tu ncha ya chini inapogusa udongo. Ukifanikiwa, unaruka chini-chini, mbali, bila kuyumba kwenye upepo. Ni teke refu kuliko la hewani.

Makosa yake ni matatu. Ukiuachia kutoka juu sana, upepo unaugeuza kabla haujafika chini na unagonga ubavu wake. Ukiuchelewesha, unatambaa chini hadi miguuni kwa adui mita 15 mbele ya goli lako, na hakuna msiba mkubwa zaidi uwanjani. Na kwenye tope mpira haudundi kabisa, unazama, kwa hiyo unapiga hewa au unapiga matope. Siku ya tope beki mwenye akili anaacha fahari na kupiga teke la hewani, fupi lakini la uhakika. Thorp alijulikana kwa mateke yake marefu ya kuondoa hatari. Mtu asiyejua wakati wa kuacha teke refu asingedumu pale misimu 16.

Chachandu:
Kitabu Wazi, hapo kwenye kuhesabu mapigo umenikamata. Sikuwahi kufikiria kwamba idadi ya kukosa kwa mpinzani ni idadi ya mipira ya beki. Ila je, alipiga kwenda wapi? Katikati au pembeni?

Kitabu Wazi:
Pembeni, karibu na mstari, na sababu ni ya kisheria. Mpira ukitoka nje, refa wa mstari aliurusha ndani kwa kutupa nyuma juu ya kichwa, na wale warefu wa pande zote mbili wakaugombania. Marefa wa mstari walikuwepo tangu mwanzoni mwa miaka ya 1900. Kwa hiyo beki aliyebanwa alikuwa na kimbilio: upeleke mstarini, ukitoka basi, wenzako wanapata pumzi ya kujipanga. Ukipiga katikati na adui akaudaka, yuko uso kwa uso na goli. Pembeni akiudaka, ana kona kali na nafasi finyu kati ya nguzo.

Upepo nao. Timu hubadilishana upande kila robo. Ukiwa unacheza dhidi ya upepo, mpira unaopigwa juu unasimama hewani na kurudi, kwa hiyo beki anaupitisha chini kuelekea ule upande ambao upepo hausukumi, yaani upande uliokufa, na kuulaza hapo robo nzima. Timu ikimaliza robo ya dhidi ya upepo ikiwa imefungwa goli moja tu, hiyo ni robo iliyoshindwa na mabeki, hata kama ubao wa matokeo unaonyesha vingine.

Nguzo Nne:
Nashukuru Kitabu Wazi. Turudi kidogo kwenye zile fainali mbili, kwa sababu mfumo wake huwachanganya watu na nimeona mara nyingi ukielezwa vibaya.

Wakati huo klabu nne za juu ziliingia nusu fainali, washindi wakakutana. Lakini aliyemaliza ligi akiwa kinara alikuwa na haki ya kudai mechi ya marudio kama hakushinda hatua hizo. Mechi hiyo ya kudai ndiyo ikawa fainali kuu. Mwaka 1920 Richmond ndiyo ilikuwa kinara. Ikafungwa na Carlton nusu fainali, watu wakadhani yamekwisha, Collingwood wakawatoa Carlton, ndipo Richmond ikadai haki yake. Tarehe 2 Oktoba 1920, uwanja wa kriketi wa Melbourne, ikawafunga Collingwood 7.10 (52) kwa 5.5 (35).

Mwaka uliofuata meza ikageuka. Carlton ndiye kinara, Richmond ikamfunga, Carlton ikadai, na Richmond ikalazimika kumfunga tena tarehe 15 Oktoba 1921. Kuwazuia wapinzani wale wale mara mbili, mara ya pili wakiwa wameshaona unavyocheza, ni mtihani mzito kwa mabeki. Wakaachia magoli manne.

Mwaka 1920 kulikuwa na jambo lingine linaloonyesha uzito wa safu ya nyuma. Mfungaji bora wa ligi mwaka ule alikuwa George Bayliss wa Richmond mwenyewe, magoli 63, na fainali kuu hakucheza. Nafasi yake akaletwa Billy James kutoka Kyabram, mechi yake ya kwanza na ya mwisho katika ligi. Akafunga goli moja, akawa bingwa, kisha akajipiga risasi mguuni kwa ajali ya uwindaji na hakurudi tena. Timu inayokwenda fainali bila mfungaji wake bora inashinda kwa kumnyima mwenzake. Collingwood wakaambulia magoli 5.

Mzee wa Takwimu:
Usimsahau Dan Minogue, kapteni na kocha kwa pamoja. Alitoka Collingwood baada ya vita, Collingwood wakakataa kumwachia, akakaa nje msimu mzima wa 1919 mpaka akaingia Richmond 1920. Alikuta mbele yake Barney Herbert wa kugombania mipira mirefu na Frank Hughes wa kuiokota chini (huyu Hughes baadaye akawa kocha wa mabingwa, Richmond 1932 kisha Melbourne), na nyuma yake akamkuta Max Hislop pamoja na Thorp. Kocha mpya akikuta nyuma pametulia, anapata nafasi ya kushughulikia mengine. Tangu Minogue afike, Richmond haikuhitaji kujenga upya ulinzi wake.

Mgeni Jukwaani:
Swali la mwisho kutoka kwangu. Je, alipata tuzo? Mchezaji bora wa ligi au kitu kama hicho?

Mzee wa Takwimu:
Hapana, na sababu ni kalenda. Medali ya Brownlow, tuzo ya mchezaji bora na muungwana wa ligi, ilianza 1924. Mshindi wa kwanza ni Edward Greeves wa Geelong. Thorp alikuwa na misimu miwili tu iliyobaki, akiwa na umri wa zaidi ya miaka 33. Tena wakati huo refa alitoa kura moja tu kwa mechi nzima, kwa mtu mmoja. Mfumo wa kura 3, 2 na 1 ulikuja 1931. Kura moja kwa watu 36, fikirieni mwenyewe ni mara ngapi ingemfikia beki wa mwisho.

Idadi ya mateke na midako nayo haipo. Kumbukumbu kamili za kila mchezaji kwa kila mechi zinaanzia 1965. Kwa hiyo yeyote anayewaletea "wastani wa mateke" wa Thorp, mkataeni.

Heshima zilikuja baadaye. Yumo katika Ukumbi wa Mashuhuri wa kandanda ya Australia. Na Richmond ilipotangaza kikosi chake cha karne, mstari wa nyuma uliandikwa Kevin Sheedy, Vic Thorp, Michael Green. Wawili wa pembeni walicheza miaka 50 baada yake. Klabu ilikuwa na mabeki wa miaka 90 wa kuchagua, na pale katikati ikamrudisha mtu wa 1910.

Chachandu:
Nimeelewa, narudisha maneno yangu ya mwanzo kuhusu "kila beki angeonekana hodari". Sasa niambieni, mtu akitaka kuthibitisha mwenyewe kwa kusoma magazeti ya wakati huo aanzie wapi? Nataka kuzipitia zile mechi za Lee dhidi ya Thorp.

Kitabu Wazi:
Maktaba ya Taifa ya Australia ina hazina ya magazeti iitwayo Trove, bure, haihitaji kujisajili kwa kusoma. Fuata hivi.

Chagua gazeti kwanza, usitafute kote. The Argus na The Age za Melbourne zote zimo kwa miaka unayoitaka. Mechi zilichezwa Jumamosi na magazeti haya hayakutoka Jumapili, kwa hiyo taarifa ndefu iko Jumatatu. Kwa fainali ya 1920 fungua tarehe 4 Oktoba, kwa ya 1921 fungua 17 Oktoba, na kwa ile ya 1919, iliyochezwa 11 Oktoba, fungua 13 Oktoba. Ukitafuta tarehe ya mechi yenyewe utakuta vikosi tu, bila matokeo.

Jina lake tafuta kwa namna mbili, Thorp na Thorpe, maana waandishi walikuwa wakiongeza herufi ya mwisho. Watu wengi hukosa nusu ya habari kwa kosa hilo. Pia maandishi yamesomwa na kompyuta kutoka kwenye picha za karatasi kuukuu, na herufi ndogo huharibika: o inageuka c, rp inageuka m. Ukikosa, tafuta jina la timu mbili na mwaka, kisha soma kwa jicho kwenye picha ya ukurasa, usitegemee maandishi ya pembeni.

Vitu vitatu vya kunakili kwa kila mechi: matokeo kwa robo (gazeti huyaweka mwishoni), orodha ya wafungaji, na ile sentensi ya waliocheza vizuri zaidi. Matokeo kwa robo ndiyo muhimu kuliko yote kwa beki. Yanakuonyesha robo ipi ilikuwa dhidi ya upepo na waliachia nini. Kwenye orodha ya wafungaji wa Collingwood tazama jina la Lee lina namba gani, kisha linganisha na alichofunga wiki ya kabla na ya baada dhidi ya mabeki wengine. Ukipitia misimu mitano namna hiyo utapata jedwali ambalo hakuna kitabu kimekuwekea.

Onyo moja. Usimhesabie Thorp kila goli la Lee. Lee alisumbuliwa na goti na kuna mechi hakucheza au alihamishwa mahali pengine. Soma habari nzima kwanza ndipo uandike namba. Na kabla ya 1912 usitegemee picha kumtambua mtu mgongoni, maana jezi hazikuwa na namba katika ligi nzima mpaka mwaka huo. Richmond utawajua kwa rangi zao, nyeusi na njano, lakini kwenye picha za wakati ule njano huonekana kijivu.

Chachandu:
Asante sana mkuu. Naanza na 1919. Ila kabla sijaenda, kwa nini aliacha 1925? Umri tu?

Nguzo Nne:
Alikuwa anakaribia miaka 35, kwa hiyo umri unatosha kuwa jibu. Ila kuna kitu kilitokea msimu ule ule ambacho ni lazima kiandikwe hapa, kwa kuwa kinaligusa moja kwa moja lile kimbilio alilolieleza Kitabu Wazi.

Kuanzia 1925 ligi ilibadili sheria ya mpira kutoka nje. Badala ya refa wa mstari kuurusha ndani, timu iliyougusa mwisho iliadhibiwa na wapinzani wakapewa pigo huru. Sheria hiyo ilidumu hadi mwishoni mwa miaka ya 1930. Kwa beki wa mwisho ilikuwa kama kubomolewa ukuta wa nyumba. Lile teke la mstarini lililomwokoa kwa misimu 15 sasa likitoka nje ni mpira wa adui, umesimama, hana wa kumbughudhi. Ikabidi mabeki waanze kupiga katikati au kupasiana kwa ngumi wakiwa wamezungukwa. Mwaka 1929 Coventry akawa mchezaji wa kwanza wa ligi hiyo kufunga magoli 100 kwa msimu mmoja.

Thorp alicheza msimu mmoja tu chini ya sheria hiyo. Kwa hiyo ukiendelea na hesabu zako, Chachandu, mechi za 1925 ziweke kwenye jedwali lake peke yake. Usizichanganye na zile za mwanzo, maana beki yule yule alikuwa ameanza kucheza mchezo mwingine. Na ukifika 1924, ile raundi ya mwisho ya fainali ambapo Richmond iliifunga Essendon na bado Essendon wakapewa ubingwa kwa sababu mwaka ule fainali zilichezwa kwa mzunguko bila fainali kuu, niite, tuisome pamoja robo kwa robo.